Idris Elba: kutoka kazi ya usiku kiwandani mupaka kucheza komanda wa makadogo

Watu wengi wanajua sura yake kuliko jina lake. Katika mafilme ya Thor, njo yeye yule mulinzi wa mulango wa miungu mwenye macho ya rangi ya zahabu. Katika filme juu ya maisha ya Nelson Mandela, njo yeye Mandela. Na katika Beasts of No Nation, njo yeye yule komanda mwenye kusema kwa sauti ya upole huku anawapa watoto bunduki. Anaitwa Idris Elba. Ni Mwingereza, baba yake alitoka Sierra Leone na mama yake Ghana, na katika jamaa yake hakukuwa mutu wa sinema.

Kazi yake ni ndefu, na si yote yenye kuwa na maana sawa kwa watu wa mikoa ya mashariki ya Kongo. Lakini kuko mambo matatu yenye yanastahili kuelezwa: namna mutoto wa mufanyakazi wa kiwanda alifungua mulango wenye ulikuwa umefungwa; namna alicheza katika filme juu ya redio ya chuki ya Rwanda; na namna alionyesha komanda wa makadogo kwa njia yenye watu wa Ituri ama wa Kivu wanaweza kutambua bila kuelezwa.

Hackney, kiwanda na pauni 1500

Idrissa Akuna Elba alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 9 mwaka 1972 katika Hackney, mutaa wa mashariki ya muji wa London. Alikuwa mutoto mumoja tu kwa wazazi wake. Baba yake, Winston, alikuwa akitumika katika kiwanda cha magari cha Ford kule Dagenham. Kwenye masomo, jina Idrissa lilikatwa likakuwa Idris, na njo hilo lilibakia.

Masomoni, mafasi ya kucheza teatri njo yalimuamusha. Mwalimu aliona kipaji na akamusukuma. Lakini kipaji hakilipe tikiti wala mafunzo. Alipata nafasi ya kuingia katika kundi la vijana la teatri ya muziki la kitaifa, na feza ikakosekana. Mufuko wa Prince's Trust, wenye ulianzishwa na mwana wa mufalme Charles munamo mwaka 1976 kwa kusaidia vijana wasiokuwa na uwezo, ulimupa pauni 1500. Elba amesema mara nyingi kwamba bila feza ile hangefika. Kwa serkali ama kwa mufuko mukubwa, ile ni feza kidogo sana. Kwa kijana mumoja, ilikuwa kama daraja juu ya muto.

Kisha masomo, maisha hayakubadilika mara moja. Alitumika usiku kule Dagenham, katika kiwanda kile kile cha baba yake. Alifunga mipira ya magari. Usiku mwingine alipiga muziki kwenye harusi na kwenye manyumba ya dansi. Kazi hiyo alijifunza kwa mujomba yake tangu ujana. Mupaka leo hajaiacha: munamo mwaka 2019 alipiga muziki kwenye sherehe kubwa ya Coachella kule Marekani.

Mafasi ya kwanza kwenye televizio yalikuwa madogo sana. Alicheza katika vipindi vyenye kuonyesha tena namna uhalifu ulitendeka kusudi watazamaji wasaidie polisi. Alionekana kidogo katika vipindi vya polisi, vya daktari, vya kuchekesha. Kwa mucheza filme, hizo ni kazi za siku mbili tatu: unaingia, unasema maneno matatu, unalipwa, unarudia nyumbani kungoja simu. Alingoja simu hiyo karibu miaka kumi.

Kwa nini aliacha Uingereza

Miaka mingi kisha, munamo mwezi wa 1 mwaka 2016, Elba alialikwa kusema mbele ya wabunge kule London, na akaeleza wazi sababu ya kuondoka. Alisema kwamba aliona mutu mweusi kwenye televizio ya Uingereza anapewa kila mara fasi ya rafiki wa mutu mukubwa, ama ya mwizi, hata siku moja si fasi ya yule mwenye hadisi ni yake. Alisema kipaji kiko kila fasi, lakini nafasi haiko kila fasi. Aliona dari juu ya kichwa chake, na akaamua kwenda kutafuta nyumba yenye dari la juu zaidi.

Alienda New York mwisho wa miaka ya 1990. Kule nako hakukuwa mana. Alitumika kama muchunga mulango wa nyumba moja ya wachekeshaji. Kuna siku alilala ndani ya gari. Feza ilikuwa karibu kwisha, ruhusa ya kukaa Marekani ilikuwa karibu kwisha, na bibi yake alikuwa na mimba.

Katika saa ile njo kazi ya The Wire ilikuja. Ni kipindi cha televizio ya HBO chenye kilianza munamo mwaka 2002, juu ya muji wa Baltimore: wauza madawa, polisi, bandari, wanasiasa na masomo. Kwa kutafuta kazi hiyo, Elba aliwasemesha watayarishaji kwa matamko ya Kimarekani, akaficha kwamba ni Mwingereza, ju walitaka watu wenye kusikilika kama watu wa Baltimore kabisa. Walipokuja kujua ukweli, alikuwa ameisha kuwashawishi. Alikuwa na karibu miaka 30.

Alipewa fasi ya Stringer Bell, mutu wa pili katika kundi la wauza madawa. Stringer si mutu wa kupiga kelele. Anavaa muwani, anasoma masomo ya biashara mangaribi, anafanya mikutano ya wauza madawa kwa utaratibu kama mikutano ya kampuni, na anaota siku moja kuwa mufanyabiashara wa kweli mwenye majengo. Lakini kwenye barabara wanamuona kama mutu wa ofisi, na kwenye ofisi wanamuona kama mutu wa barabara. Mwisho wa musimu wa tatu, munamo mwezi wa 12 mwaka 2004, anauawa. Watazamaji walihuzunika kwa mutu mwenye alikuwa muuaji. Kufanya mutazamaji amuhurumie mutu mubaya bila kusahau ubaya wake, hiyo njo kazi ngumu zaidi ya mucheza filme, na Elba angeirudilia miaka 11 kisha, katika pori.

Filme juu ya redio yenye iliua

Kazi yenye kufwata ilimuleta karibu na mupaka wetu. Munamo mwaka 2005, HBO ilitoa filme Sometimes in April, juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Ilipigwa kule Rwanda kwenyewe. Mwenye aliitengeneza ni Raoul Peck, Muhaiti mwenye Wakongo wanapashwa kumujua: jamaa yake ilikimbia utawala wa Duvalier, ikakuja kukaa Kongo munamo mwaka 1961, na Peck alikulia Kinshasa akiwa mutoto. Ni yeye pia alitengeneza filme Lumumba, yenye ilitoka munamo mwaka 2000.

Katika filme hiyo, Elba ni Augustin Muganza, ofisa wa jeshi la Rwanda, Muhutu mwenye kuoa mwanamuke Mututsi. Ndugu yake Honoré anatumika kwenye redio RTLM. Jioni, ndugu wawili wanakaa kwenye meza moja. Kesho, sauti ya mumoja inatoka kwenye redio na inaita watu waue jamaa ya mwengine. Miaka kumi kisha, Honoré yuko Arusha, kule Tanzania, mbele ya tribunali ya kimataifa, na Augustin anapashwa kuamua kama ataenda kumuona ama hapana.

Hiyo tribunali ilikuwa ya kweli. Munamo mwezi wa 12 mwaka 2003, majaji wa Arusha waliwahukumu wawili wenye walihusika na kuanzisha RTLM, pamoja na mwenye gazeti moja la chuki. Ilikumbushwa pale kwamba mikro inaweza kuwa silaha. Kila redio ya mutaa katika eneo la Maziwa Makubwa inatumika chini ya kumbukumbu hiyo, na filme ile inaonyesha kwa nini: hakuna mutu mwenye mapembe ndani ya studio, kuko tu ndugu ya mutu, mwenye kutafuta kazi, mwenye kupenda kusifiwa, na mwenye kusema kila siku neno kidogo zaidi kuliko jana.

Luther na Mandela

Munamo mwaka 2010, Elba alirudi kwenye televizio ya Uingereza, na safari hii hadisi ilikuwa yake. BBC ilimupa Luther, kipindi juu ya polisi wa upelelezi mwenye akili nyingi na hasira nyingi zaidi, mwenye kutembea London na koti refu. Kipindi kiliendelea kwa misimu 5 mupaka mwaka 2019, na filme yake ikatoka munamo mwaka 2023. Munamo mwezi wa 1 mwaka 2012 alipata zawadi ya Golden Globe kwa kazi hiyo. Inchi yenye ilikuwa ikimupa maneno matatu sasa ilikuwa ikiuzisha sura yake ulimwenguni.

Kisha ikakuja kazi ya Mandela. Filme Mandela: Long Walk to Freedom ilitoka munamo mwaka 2013. Elba hafanane na Mandela kwa sura. Alichagua kutumika juu ya sauti, juu ya namna ya kutembea, juu ya kusimama kwa kijana mupiga ngumi mwenye kuzeeka kidogo kidogo katika gereza. Wengine walisema haifai kumupa Mwingereza kazi ya Mandela, ju Afrika ya Kusini iko na wacheza filme wake. Ulizo hilo ni la haki, na linarudia kila mara Hollywood inapokuja Afrika: wenye feza wanatafuta jina lenye kuuzisha tikiti, na jina hilo mara nyingi linatoka ingine fasi.

Tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2013, filme ilikuwa ikionyeshwa mara ya kwanza kule London, na wabinti wawili wa Mandela walikuwa pale ndani. Usiku ule ule, Mandela alikufa kule Johannesburg. Watu walijulishwa habari kisha filme kwisha. Mwaka ule ule, Elba alikuwa amekwisha kumuzika baba yake, Winston.

Komanda

Beasts of No Nation ilitoka munamo mwezi wa 10 mwaka 2015. Ilitokea katika kitabu cha Uzodinma Iweala, mwandishi wa asili ya Nigeria, na ilitengenezwa na Mumarekani Cary Joji Fukunaga. Ilipigwa kule Ghana, inchi ya mama ya Elba. Inchi ya hadisi haina jina. Inaweza kuwa Liberia, inaweza kuwa Sierra Leone, na mutu wa Djugu ama wa Masisi anaweza kudai kwamba ni kwake.

Agu ni mutoto wa muji mudogo. Jamaa yake inauawa, anakimbilia pori, na anakutana na kundi lenye silaha. Kiongozi wake anaitwa tu Komanda. Abraham Attah, mutoto wa Ghana mwenye hakukuwa amecheza filme hata moja, njo alicheza Agu, na kwenye sherehe ya sinema ya Venice akapewa zawadi ya mucheza filme kijana.

Nguvu ya Elba pale ni kwamba Komanda hapige kelele sana. Anafanya kazi kwa hatua, na hatua hizo ni zile zenye wenye kusindikiza makadogo wanazijua:

Kwanza, anachukua mutoto mwenye kupoteza kila mutu na anamupa chakula. Anakuwa baba.

Pili, anamupa jamaa mupya: nyimbo, majina ya vita, kiapo, dawa ya kujikinga na risasi. Mutoto mwenye alikuwa peke yake sasa iko na wandugu mia.

Tatu, anamufanyisha kuua. Siku ile, mutoto anaona kwamba njia ya kurudia nyumbani imekatika, ju nani atamupokea?

Ine, anamupa madawa ya kulevya kusudi asifikiri, na anamutendea mambo ya haya yenye filme haionyeshe wazi lakini mutazamaji anayafahamu.

Kisha filme inaonyesha jambo la tano, lenye linasahauliwa mara nyingi: Komanda mwenyewe ni mutu mudogo. Anaitwa kwa mukubwa wake katika muji, anangoja saa nyingi kwenye kiti, anatarajia cheo, na anaambiwa kwamba mwengine atachukua fasi yake. Watoto wamekufa kwa ajili ya cheo chenye hakikukuja. Anarudi pori, risasi zinaisha, tumbo linalia, na siku moja vijana wanamuacha peke yake na wanashuka barabarani kujitoa. Anapiga makelele nyuma yao kwamba bila yeye wao si kitu. Wao wanaendelea kutembea.

Watu wa Ituri hawahitaji filme ili kujua sheria inasema nini juu ya mambo haya. Hukumu ya kwanza kabisa ya Korti ya Kimataifa ya La Haye, tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2012, ilikuwa juu ya Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kwa kosa la kuingiza katika kundi lake watoto wenye hawajafikia miaka 15 na kuwatumia katika vita. Alipewa miaka 14 ya kifungo. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inaenda mbali zaidi: inakataza kuingiza katika jeshi ama kundi la silaha mutu yeyote mwenye hajatimiza miaka 18.

Filme inaishia katika nyumba ya kupokelea watoto, karibu na bahari. Agu hataki kusema mambo yenye alifanya. Anasema kwamba akiyasema, watu watamuona kama munyama ama shetani. Kisha anaongeza kwamba alikuwa pia na mama, baba na wandugu wenye walimupenda. Katika sauti ile, kuko maombi yenye makadogo wote wanaleta wakati wanarudia kwenye mutaa: musitazame tu bunduki, mutazame pia mutoto mwenye alikuwako mbele ya bunduki.

Zawadi mbili na mulango wenye ulibakia umefungwa

Beasts of No Nation ilileta pia mapigano ya biashara. Netflix, kampuni yenye kuonyesha mafilme kupitia intaneti, iliinunua kwa karibu dola milioni 12 na ikaitoa siku moja kwenye intaneti na kwenye masinema. Makampuni makubwa ya masinema ya Marekani yalikataa kuionyesha, ju kwa desturi yao filme inapashwa kukaa kwanza miezi kazaa kwenye sinema peke yake. Kwa hiyo watu wengi waliiona nyumbani ama kwenye simu. Leo jambo hilo ni la kawaida. Wakati ule lilikuwa vita.

Tarehe 30 mwezi wa 1 mwaka 2016, chama cha wacheza filme wa Marekani kilimupa Elba zawadi mbili usiku mumoja: moja kwa Komanda, ingine kwa Luther. Lakini kwa Oscar, jina lake halikuonekana hata kwenye orodha. Mwaka ule, wacheza filme wote 20 wenye walitajwa kwa zawadi hizo walikuwa wazungu, mwaka wa pili kufwatana, na makelele yakakuwa makubwa ulimwenguni. Kisha, wenye kutoa Oscar waliahidi kuongeza watu wa rangi zote na wanawake ndani ya wapiga kura wao.

Elba hakubakia kulia. Mwaka ule ule sauti yake ilisikilika katika mafilme ya watoto: chui milia wa The Jungle Book na nyati mukubwa wa polisi wa Zootopia. Munamo mwaka 2018 alitengeneza filme yake ya kwanza kama kiongozi, Yardie. Na munamo mwaka 2023 aliambia gazeti moja la Uingereza kwamba aliacha kujiita "muchezaji mweusi", ju aliona jina lile linamuweka ndani ya kisanduku. Hakukana rangi yake wala ubaguzi. Alitaka kazi yake ipimwe kwanza kama kazi. Wengine walikubali, wengine walikasirika, na mabishano hayajakwisha.

Kurudia Afrika, lakini namna gani?

Munamo mwezi wa 12 mwaka 2019, Elba alifika Sierra Leone mara ya kwanza katika maisha yake, inchi ya baba yake, na akapewa paspoti ya kule. Tangu mwaka 2020, yeye na bibi yake, Sabrina Dhowre, mwenye jamaa yake inatoka Somalia, ni mabalozi wa IFAD, mufuko wa Umoja wa Mataifa wenye kusaidia walimaji wadogo.

Munamo mwaka 2024, aliambia BBC kwamba anataka kuhamia Afrika katika miaka yenye kukuja, na akataja Accra, Freetown na Zanzibar. Serkali ya Tanzania ilijulisha kwamba amepewa udongo kule Zanzibar kwa kujenga studio ya mafilme. Sababu yenye anatoa ni rahisi: kama picha za Afrika zinatengenezwa kila mara na watu wa mbali, zitaonyesha kila mara vita na huruma, na si zaidi. Anataka watoto wa Afrika washike kamera wenyewe.

Kujenga studio ni kazi ingine kuliko kuzungumuza juu yake. Inaomba umeme wenye haukatike, wafundi wa sauti na mwangaza, sheria zenye kulinda mwenye kazi ili filme yake isiuzwe kwenye barabara kesho yake, na masinema ya kuionyesha. Vijana wa Goma, Bukavu na Bunia wenye kupiga mafilme yao na kamera ndogo ama na simu wanajua orodha hiyo kwa moyo.

Lakini mwanzo wa hadisi hii haukukuwa studio. Ulikuwa mwalimu mumoja mwenye aliona kitu ndani ya mutoto, na pauni 1500 zenye zilifika kwa wakati. Pale feza hizo hazikufika, hakuna gazeti lenye liliandika jina la kijana mwenye alibakia kiwandani. Na pale hakuna mwalimu, hakuna masomo na hakuna feza, wa kwanza kufika kwa mutoto na chakula na jina mupya anaweza kuwa Komanda.